Kodi hakuna, Bagamoyo tunakwenda!

 

Miaka ya tisini watoto wa mjini walikuwa na neno lao, ukapa. Walilikata kwenye jina la Rais Benjamin Mkapa, aliyeingia Ikulu 1995 akaukaza mkanda wa nchi hadi tundu la mwisho. Ukisema "nina ukapa" hakuna aliyekuuliza zaidi. Alijua mfukoni umebaki ufunguo na leso. Mzee Mkapa aliondoka Ikulu 2005, na dunia akaiaga 2020, lakini ukapa wenyewe, lo! haukuaga mtu. Ulibadilisha jina tu. Baadaye tukaanza kusema vyuma vimekaza, na kesho sijui tutasemaje.

Leo sizungumzii vyuma vya nchi nzima, hivyo wana uchumi wao. Nazungumzia vya nyumbani kwetu Mwananyamala, na nazungumza kwa ruhusa ya wahusika. Kaka mkubwa ameisoma karatasi hii kabla haijafika kwa mhariri, amefuta mistari miwili, akanirudishia bila neno. Kwa hiyo mkiona mahali pana kichaka mjue hapo pamefyekwa, msinilaumu.

Jambo lenyewe ni hili. Familia ikibanwa hadi ukutani, ikabaki na hela kidogo isiyotosha kulipa deni lolote, je, ni uwendawazimu kuichukua hela hiyo kwenda kutembea? Kijiweni kwetu wanasema ni uwendawazimu wa kupimwa Muhimbili. Mama yangu anasema siyo. Mimi niko upande wa mama, tena si kwa sababu ananunua gazeti.

Tunaishi kama familia nyingi za Dar. Watu saba, vyumba vitatu vya kupanga, mita moja ya LUKU. Kuna mama, kaka mkubwa na mkewe, watoto wao wawili, dada yangu aliye chuo, na mimi mwandishi wenu. Marehemu baba alikuwa mtu wa Bagamoyo, Muislamu. Mama ni Mluguru wa Morogoro, Mkatoliki wa kubatizwa na kipaimara. Walikubaliana zamani kwamba watoto wa kiume watamfuata baba na wa kike watamfuata mama, hivyo nyumbani kwetu kaka na mimi tunaswali, mama na dada wanasali, na Idi na Krismasi zote pilau linapikwa. Hatujawahi kugombania dini. Tumegombania rimoti tu.

Nguzo ya nyumba alikuwa kaka mkubwa. Mwezi wa pili ofisi aliyokuwa akifanya kazi ilipunguza watu, naye akawamo. Mwanzoni tulichukulia kawaida, yeye mwenyewe alisema ndani ya mwezi atakuwa amepata kwingine. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Vitumbua vya shemeji vya asubuhi vikawa ndiyo bajeti kuu ya serikali. Mimi na kalamu yangu nikachangia nilichoweza, na mnajua wenyewe kalamu inavyolipa. Ada ya dada ikabaki nusu. Dawa za presha za mama zikaanza kunywewa kwa mahesabu, leo kidonge, kesho kupumzika, jambo ambalo daktari yeyote akilisikia atakuchapa vibao, maana dawa ya presha hainywewi kwa zamu kama ulinzi shirikishi. Kisha mwenye nyumba akaleta barua. Anataka kodi ya miezi sita, laki tisa, mwisho wa mwezi, la sivyo tumpishe.

Hayo yote yanavumilika. Kilichotushinda ni ukimya. Kaka aliacha kuongea. Akirudi anakula, anaoga, analala. Simu yake ikiita anatoka nje, na iliita sana, hata saa tano usiku. Shemeji naye akanyamaza kwa kuwa mumewe kanyamaza, dada akanyamaza kwa kuona aibu ya ada, na mama akanyamaza kwa kutusubiri sisi. Watu saba ndani ya vyumba vitatu, unasikia saa ya ukutani.

Jumamosi moja usiku umeme ukakata. Siyo mgao, ni yuniti zilikwisha, na hakuna aliyenyanyua simu kununua. Tukakaa gizani sebuleni, kila mtu anamsubiri mwenzake. Ndipo mtoto wa kaka, wa miaka sita, akauliza, "Bibi, kwani tumegombana?"

Mama hakumjibu. Lakini saa kumi na moja alfajiri nilisikia harufu ya chapati. Nikatoka uani nikamkuta kainamia jiko la mkaa, kajifunga khanga, chapati zimepangwa kwenye hotpoti kana kwamba kuna shughuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Waamshe wenzako, mvae. Tunakwenda Bagamoyo."

Dada alipoamshwa swali lake la kwanza lilikuwa, "Kafa nani?" Naye hakukosea, maana familia ya Kiswahili ikisafiri yote bila taarifa, basi ni msiba. Mama akasema hakuna aliyekufa, na tunakwenda ili asife mtu.

Kaka mkubwa alitoka chumbani amekunja uso. "Mama, samahani, lakini nauli inatoka wapi?"

"Kibubu changu. Elfu tisini."

"Elfu tisini? Mama, si tungempelekea mwenye nyumba angalau tumpoze?"

"Mwanangu, mwenye nyumba anataka laki tisa. Ukimpelekea elfu tisini ataipokea, atahesabu, atatia mfukoni, na barua yake ataiacha pale pale ukutani. Nimepiga hesabu usiku kucha. Hii hela hapa Dar haina kazi. Vaa."

Nimewasimulia hesabu hii vijana wa kijiweni wakacheka, lakini hakuna aliyeweza kuivunja. Hebu nanyi jaribuni. Elfu tisini kwenye laki tisa ni sehemu moja ya kumi. Ni siku kumi na nane za kodi. Mtu akikupa barua ya kuhama, siku kumi na nane hazimpunguzii haraka. Ungeitia kwenye chakula, ingekwisha wiki ile ile na ukimya ungebaki. Mama aliitazama hela akauliza swali ambalo wengi hatuulizi: kipi kinachouma zaidi hapa ndani ambacho elfu tisini inaweza kukigusa?

Basi tukatoka. Stendi ya Makumbusho siyo mbali na kwetu, tukatembea kwa miguu, hotpoti kabeba shemeji, mdogo yuko mgongoni kwa dada. Kaka alitangulia mbele kama mtu asiyetujua.

Kwa wasiowahi kwenda, Bagamoyo ni kilometa sabini hivi kutoka Dar, kaskazini, njia ya pwani. Unapita Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju, na pale Mto Mpiji unauaga mkoa wa Dar es Salaam unaingia Pwani. Ukivuka tu daraja, nyumba zinaanza kuachiana nafasi, minazi inaonekana, mananasi yamepangwa pembeni ya barabara. Wazee wanaikumbuka barabara hii ilipokuwa ya vumbi na makorongo, safari ya kusali mwanzo mwisho bila kujali dini. Siku hizi ni lami, ukiondoa foleni ya Tegeta unafika bila hata kuchafua kola. Kufika Kerege mtoto alikuwa ameshaanza kuimba. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sasa nisimame kidogo kwenye jina, maana ndilo lililomfanya mama achague huko asichague Kibaha. Bagamoyo, bwaga moyo. Tulipofika misheni tulimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kivuli cha miembe, tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika "Marahaba wanangu," na kama ilivyo desturi ya wazee wa pwani, akatupa historia kabla hatujaomba. Alisema kuna maneno mawili yanayopingana. Wapo wasemao jina lilitoka kwa wapagazi, wale waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora, mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,000 kwa miezi. Wakiiona bahari wanajua mzigo umekwisha, wanaubwaga, na moyo wanaubwaga hapo hapo, ngoma zinapigwa usiku kucha. Wengine wanasema hapana, ni watumwa waliosema hivyo. Wakiiona bahari wanajua nyumbani ndiyo basi tena, wanaacha moyo pwani, jahazi linabeba mwili peke yake.

"Sasa mzee, lipi la kweli?" dada akauliza.

"Inategemea ulikuja umebeba nini," mzee akasema, akaendelea kutafuna muwa wake.

Mimi kwa maoni yangu ya kimagazeti naona maneno yote mawili yanaweza kuwa kweli kwenye pwani moja, siku moja, msafara mmoja. Mpagazi alilipwa na mtumwa aliuzwa, na bahari waliyoiona ni ile ile. Lakini nimwache mzee na muwa wake.

Mama, dada na shemeji wakaingia kanisani. Misa ilikuwa katikati. Kanisa kubwa lilimalizika kujengwa 1914, ila misheni yenyewe ni ya zamani zaidi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, Mfaransa. Wakawa wananunua watumwa sokoni, wengi wao watoto, na kuwaweka kwenye makazi waliyoyaita Kijiji cha Uhuru. Uhuru wenyewe ulikuwa na kengele na jembe, msidhani watu walikaa wakipunga upepo, lakini ulikuwa bora kuliko jahazi. Kuna mbuyu pale umefungwa mnyororo tangu enzi hizo, mti umekua hadi umeumeza mnyororo, inaonekana ncha tu. Watoto walijaribu kuuvuta. Haukutoka.

Mimi na kaka tuliobaki nje tukatembea hadi makaburini. Hapo ndipo nilimsikia akisema neno la kwanza tangu Makumbusho. Alikuwa anasoma miaka kwenye misalaba ya wamisionari, anatoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa, kimoyomoyo. "Huyu alikuwa mdogo kuliko mimi," akasema. Akaenda wa pili. "Na huyu." Wengi wao malaria na homa za pwani ziliwamaliza kabla hawajazoea hata kula ugali. Kaka ana miaka thelathini na nne.

Karibu na hapo kuna mnara wa kanisa la kwanza. Humo ndimo ulimolazwa mwili wa David Livingstone, Februari 1874, kabla ya kupelekwa Unguja na kisha kwao Uingereza akazikwe Westminster Abbey. Alifia nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873, na watu wake, akina Susi na Chuma, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi pwani, miezi mingi. Moyo wake hawakuubeba. Waliuzika kule kule chini ya mti. Mnaona wenyewe, Mzungu mashuhuri kuliko wote waliofika Bagamoyo alifika moyo kaubwaga zamani.

Adhuhuri ilipoingia, mimi na kaka tukaenda mjini kuswali. Watu wakisikia Bagamoyo na ibada wanakumbuka misheni tu, wanasahau kwamba mji huu ni mji wa masheikh pia. Marehemu baba alikuwa akitusimulia habari za Sheikh Ramiya hadi tukachoka. Jina lake Yahya bin Abdallah. Aliletwa pwani mtoto mdogo kutoka Manyema, Kongo, akiwa mtumwa, akaingia nyumba ya tajiri mmoja Mwarabu wa Bagamoyo. Akasoma. Akasoma zaidi. Akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, watu wanakuja kutoka mbali kuchukua elimu kwake, na wenye majina ya ukoo mkubwa wakakaa chini kumsikiliza aliyeingia mjini bila jina. Alifariki 1931. Sijui mimi nilikuwa namfikiria yeye au baba, lakini ile swala ilikuwa ndefu kuliko ninazoswali nyumbani. Niligeuka kutoa salamu nikakuta kaka bado amesujudu. Nikamwacha. Nikaenda kuvaa ndala, nikakaa nje kwenye baraza.

Alitoka macho mekundu akaniambia, "Twende, mama anasubiri."

Chapati tulizila ufukweni, na maharage baridi, na chai ya chupa. Mtu asiwadanganye kwamba safari ya familia lazima iwe na hoteli yenye bwawa na picha arobaini za kurusha mtandaoni. Wapo watu wanakopa ili wakapige picha wakiwa wamepumzika, wanarudi wakiwa na deni na wamechoka. Sisi tulikuwa na kitenge kimetandikwa mchangani. Shemeji alilala. Nasema alilala usingizi, mchana kweupe, mdomo wazi, mtu anayeamka saa tisa usiku kila siku kukoroga vitumbua. Mama akatukataza tusimwamshe, tukakaa saa nzima kama walinzi.

Alasiri tukachukua bajaji hadi Kaole, kilometa tano hivi kusini. Kaole ni magofu, mji wa Waswahili wa kale kabla Bagamoyo haijawa Bagamoyo. Kiingilio kwa Mtanzania ni kidogo, na mtembeza wageni anakueleza kila jiwe. Kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja unaelezwa kuwa wa karne ya 13. Kuna makaburi ya nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Mji huu ulikuwa na bandari yake, mikoko ikaizonga, majahazi yakashindwa kuingia, biashara ikahamia Bagamoyo. Baadaye Bagamoyo nayo ikapewa zamu yake. Wajerumani waliokuwa wameifanya makao makuu wakahamia Dar es Salaam 1891. Nikamwambia dada, hata miji inapunguzwa kazi. Akanifinya nisisikike kwa kaka.

Kuna kaburi la mume na mke waliokufa maji pamoja wakazikwa pamoja, ndivyo wenyeji wanavyosimulia, na vijana wa Dar wakifika lazima wapige picha hapo. Kuna kisima ambacho wanasema maji yake hayakauki. Kuna mbuyu wa kale ambao ukiuzunguka unaongezewa umri. Mama Mkatoliki aliuzunguka mara tatu. Mjukuu anahesabu. Dada akamwuliza, "Mama, na hiyo ni imani gani?" Akajibu, "Hii ni mazoezi, daktari aliniambia nitembee."

Na kuna kaburi la Sharifa. Ni mwanamke mcha Mungu wa zamani, na hadi leo watu huja kuomba dua hapo, wenye ndoa zisizo na watoto, wenye wagonjwa, wenye mitihani. Wapo wanaopinga jambo hilo, wanasema haifai kumwomba maiti, aombwe Mungu peke yake, na kaka mkubwa ni mmoja wao. Siku ile tulimkuta mama mmoja amekaa kando na binti yake, viganja wazi, midomo inacheza. Kaka hakusema kitu. Alipita, akaenda kukaa kwenye jiwe upande wa mikoko, kisha akaita, "Mama, njoo mara moja."

Mama akaenda. Mimi nilikuwa karibu, nikajifanya nafunga kiatu, na ndala haina kamba.

Mistari iliyofutwa na kaka ni ya hapa, kwa hiyo nitasema kilichobaki. Alikuwa amekopa. Kabla hajapunguzwa kazi alichukua mkopo kwa mtu mmoja wa mtaani, ile mnayoiita kausha damu, akaacha kadi yake ya benki na namba ya siri kama dhamana. Malipo yake ya kuachishwa kazi yalipoingia benki, mwenye kadi akayakomba yote, akasema hiyo ni riba, deni lenyewe bado liko palepale. Kulipa riba nyingine kaka akakopa kwenye simu. Kulipa simu ya kwanza akakopa simu ya pili. Ndizo zilizokuwa zikiita saa tano usiku. Mkewe hajui. Hakuna anayejua. Alisema kuna usiku alisimama barabarani pale Morocco akiyaangalia magari yanavyopita.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Ndiyo hilo tu?"

"Mama, ni milioni mbili na zaidi!"

"Nimekusikia. Mimi miezi miwili nafikiri una ugonjwa, unatuficha. Kila usiku nakuombea ugonjwa usiokuwepo. Kumbe ni deni! Deni lina mdomo, mwanangu, utaongea nalo." Akamshika kichwa kama mtoto mdogo. "Mwite mkeo umwambie hapa hapa, kabla hatujapanda gari. Kwenye gari hutasema."

Shemeji akaitwa. Hapo mimi niliondoka kweli. Niliwaona kwa mbali, shemeji kageuza mgongo kwa muda mrefu, kisha kageuka akakaa. Mama akaanza kusali, ishara ya msalaba na rozari yake. Kaka akainua viganja. Wakawa wanaomba pamoja, kila mtu kwa njia yake, jua linashuka nyuma ya minazi, na watoto wanarusha vijiti kwenye matope ya mikoko. Nimeingia kwenye mikesha mingi, ya stendi, ya viwanja vya mpira, yenye spika za kutoboa masikio na wahubiri wanaodai sadaka ya mbegu kwa njia ya simu. Sijaona maombi yenye nguvu kuliko yale ya watu watatu pale Kaole, na hakuna aliyepitisha kikapu.

Jioni kabla ya gari tukapita soko la samaki, mama akanunua supu ya pweza vikombe saba kwa hela iliyobaki. Pweza wa Bagamoyo usipime. Kaka alikunywa viwili. Kwenye basi waliongea yeye na mkewe njia nzima, kwa sauti ya chini, na mara moja nilimsikia shemeji akimsema kwa ukali hadi abiria wa mbele wakageuka. Nilifurahi. Ugomvi wa maneno ni neema ukilinganisha na saa ya ukutani.

Najua mnasubiri muujiza. Haukutokea. Jumatatu hakuna aliyepiga simu kutoa kazi, na laki tisa haikudondoka kutoka mbinguni. Kilichotokea ni kwamba Jumatatu mama alijifunga khanga yake, akamchukua baba mdogo, ambaye ni mtu wa maneno machache na kifua kipana, wakaenda na kaka kwa yule mkopeshaji. Baba mdogo alimwuliza swali moja la kistaarabu: leseni yako iko wapi? Maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayekopesha watu kibiashara awe na leseni, na wengi wa hawa jamaa hawana. Kadi ilirudi siku ile ile. Deni halikufutwa, bali riba iligoma kuendelea kuzaa, na sasa kuna karatasi iliyosainiwa inayosema kiasi gani kwa mwezi. Mwenye nyumba, baada ya kuelezwa ukweli badala ya kukimbiwa, amekubali kodi ya mwezi mwezi hadi mwisho wa mwaka, ingawa kwa kununa. Kaka amefuatilia fao la kukosa ajira huko NSSF, jambo ambalo miezi yote hiyo hakulifanya kwa kuogopa kuonekana pale foleni. Asubuhi anaendesha bajaji ya binamu. Kazi ya ofisini bado hajapata. Shemeji bado amenuna kidogo, na haki yake. Ila vidonge vya mama sasa vinanyweka kila siku, kaka ndiye anayemhesabia.

Mnaonisumbua mkitaka ratiba, hii hapa. Mabasi ya Bagamoyo yako Makumbusho tangu alfajiri, kadiri jua linavyopanda ndivyo foleni ya Tegeta inavyonenepa, kwa hiyo wahini. Bebeni chakula. Misheni na Kaole mvae nguo za heshima, dada zangu khanga moja ndani ya mkoba haina uzito. Mjini bajaji mpatane kabla ya kupanda. Msipange kwa wiki tatu, mtaishia kwenye kundi la WhatsApp mnachagua rangi ya fulana. Na kama mtaenda Jumapili, supu ya pweza inakwisha mapema, sisi tulipata vya mwisho.